Swali Lisiloulizwa: Mitego ya Kisheria ya Kununua Nyumba England

Mwaka 2019 familia moja ilinunua jumba la kifahari la Notting Hill, magharibi mwa London, kwa pauni milioni 32.5. Haukupita muda wakaanza kuona nondo. Walikuwa kwenye nguo, kwenye miswaki, hata ndani ya glasi za mvinyo, na chimbuko lao lilikuwa sufu iliyojazwa ndani ya jengo kuzuia baridi. Kabla ya kununua, wanasheria wa familia hiyo walikuwa wamemuuliza muuzaji kwa maandishi kama nyumba imewahi kuvamiwa na wadudu waharibifu na kama kuna ripoti yoyote ya jambo hilo. Majibu hayakutaja nondo, ingawa wataalamu wa wadudu walikwishaitwa na ripoti walikwishatoa. Februari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba majibu hayo yalikuwa ya uongo, ikautengua ununuzi na kuamuru sehemu kubwa ya fedha irudishwe.

Wengi waliisoma habari hiyo kama kioja cha matajiri. Uzito wake umo kwenye ile karatasi ya maswali. Wanasheria wa mnunuzi wasingeuliza, muuzaji angeweza kunyamaza na sheria isingemgusa. Tangu zamani sheria ya England inamtaka mnunuzi ajihadhari mwenyewe: muuzaji haruhusiwi kudanganya, wala kuziba ufa kwa rangi ili usionekane, lakini hana wajibu wa kutaja ubovu wa jengo kwa hiari yake. Dalali, kwa kuwa anafanya biashara, anabanwa zaidi na sheria za kumlinda mlaji. Mwenye nyumba wa kawaida anabanwa na kile alichoulizwa na kile alichojibu. Ukiifuata kanuni hii kuanzia siku ya kutoa dau hadi siku ya kusajili jina, karibu kila mgogoro mkubwa wa ununuzi wa nyumba England unaeleweka.

Hatari ya kwanza inaanza siku ya furaha. Dalali anapiga simu kusema dau limekubaliwa. Kwa mazoea ya kwetu, neno likishatoka mbele ya mashahidi, kulirudisha ni aibu. England neno hilo halina nguvu yoyote ya kisheria. Sheria ya mwaka 1989 inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, ubebe masharti yote yaliyokubaliwa na usainiwe na pande zote mbili. Kwa hiyo tangu dau kukubaliwa mpaka mikataba kubadilishwa, kipindi ambacho mara nyingi huchukua miezi, kila upande una uhuru wa kujitoa. Muuzaji anaweza kupokea dau kubwa kutoka kwa mtu mwingine na kumwacha wa kwanza. Mnunuzi naye anaweza kushusha bei wiki ya kusaini, akijua mwenzake ameshafunga mizigo. Isitoshe, mara nyingi muuzaji naye ananunua kwingine na yule wa kwingine naye ananunua mbele, hata watu wanne au watano wanasubiriana; mmoja akinyimwa mkopo, wote wanakwama.

Anayeachwa kwenye mataa huwa ameshamlipa mkaguzi wa majengo, ada za upekuzi na saa za mwanasheria, na fedha hizo hazirudi. Zipo njia za kupunguza maumivu. Muuzaji anaweza kusaini ahadi kwamba kwa muda maalumu, tuseme wiki 4, hatazungumza na mnunuzi mwingine. Ahadi ya aina hiyo mahakama huitambua ikiwa ina kikomo cha muda. Zipo pia bima za ununuzi uliovunjika. Lakini wanunuzi wengi hawaambiwi kuwa wanaweza kuomba chochote kati ya hivyo. Uskoti wana utaratibu wao tofauti, ambako barua za wanasheria wa pande mbili huwafunga watu mapema zaidi. Oktoba 2025 serikali ilianza kukusanya maoni kuhusu mageuzi ya England, likiwemo wazo la mikataba ya kuwafunga watu mapema na wauzaji kutoa taarifa za nyumba tangu siku ya kuitangaza. Wazo la taarifa za mapema lilishajaribiwa mwaka 2007, likasimamishwa mwaka 2010.

Siku ya kubadilishana mikataba ndiyo sheria inapogeuka sura. Mnunuzi anatoa arubuni, kwa kawaida asilimia 10 ya bei, na kuanzia hapo hakuna tena kurudi nyuma. Akishindwa kulipa siku iliyopangwa, masharti yanayotumika katika mikataba mingi yanamruhusu muuzaji kumpa notisi ya siku 10 za kazi. Zikiisha, arubuni imekwenda na nyumba inauzwa kwa mwingine. Kwa nyumba ya pauni 300,000 hiyo ni pauni 30,000. Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba kwa masharti hayohayo hatari ya jengo inahamia kwa mnunuzi siku hiyohiyo, kabla hajapewa funguo. Nyumba ikiungua wiki mbili kabla ya kuhamia, bei iko palepale. Bima ya jengo ianze siku ya kubadilishana mikataba, na barua ya benki ya kutoa mkopo iwe imeshafika mkononi kwa maandishi. Mtu anayesaini kwa kutegemea kwamba benki "itakubali tu" anacheza kamari na akiba yake yote.

Katika miezi ile ya kusubiri, kazi kubwa ni kuuliza. Muuzaji hujaza fomu ndefu ya taarifa za nyumba: ugomvi na majirani, mafuriko, matengenezo, vibali, mimea vamizi. Kuna mmea mmoja uliotoka Japani wakati wa Malkia Victoria ukipandwa kama pambo, ambao mizizi yake huenea chini ya ardhi, hupenya kwenye nyufa na mifereji, na kuifanya benki isite kutoa mkopo. Fomu inauliza kama upo, na muuzaji ana majibu matatu ya kuchagua: ndiyo, hapana, sijui. Mwaka 2018 nyumba ya pauni 700,000 iliuzwa Raynes Park, kusini magharibi mwa London, na muuzaji akajibu hapana. Mnunuzi akaukuta mmea nyuma ya kibanda cha bustani. Muuzaji alijitetea kwamba kichaka kikubwa kiliuficha. Mwaka 2023 mahakama haikumwamini; alipaswa kulipa fidia ya pauni 32,000, na ukijumlisha gharama za wanasheria wa pande zote, hasara yake ilitajwa kuwa zaidi ya pauni 200,000. Angejibu "sijui", na kweli awe hajui, mzigo wa kuchunguza ungebaki kwa mnunuzi.

Linganisha na kesi ya Wakefield, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2004. Wenye nyumba waligundua baada ya kuinunua kwamba miaka ya nyuma mauaji ya kutisha yalifanyika humo. Walipoiuza walinyamaza, na wanunuzi wapya wakaja kulijua jambo hilo kupitia kipindi cha televisheni. Fomu ilikuwa imewauliza wauzaji kama kuna taarifa nyingine ambayo wao wanadhani mnunuzi ana haki ya kuijua. Wakajibu hapana. Mahakama ilisema swali hilo linauliza maoni yao, na maoni hayo walikuwa nayo kwa dhati. Wanunuzi walishindwa. Tofauti ya kesi hizi mbili ndiyo somo zima: swali la jumla huzaa jibu lisiloshikika, ilhali swali la jambo mahususi, lililoandikwa na kujibiwa kwa maandishi, linaweza kurudisha fedha. Maneno ya mdomo ya dalali siku ya kuzungushwa nyumba hayana uzito huo, na mikataba mingi hujaribu kuyafuta kabisa.

Msomaji aliyenunua kiwanja Kigamboni au Kitengela atauliza mara moja: na hati je? Hapa England ina nafuu kubwa. Masjala ya Ardhi inaendesha daftari lenye dhamana ya serikali, liko wazi kwa umma tangu Desemba 1990, na nakala ya ukurasa wa nyumba yoyote iliyosajiliwa hupatikana mtandaoni kwa pauni 7. Jina la mmiliki, benki inayomdai, masharti yanayoifunga ardhi, vyote viko pale. Kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu watatu si ugonjwa wa kawaida wa huko.

Daftari hilo hata hivyo lina mipaka yake, kwa maana zote mbili. Ramani ya usajili mjini huchorwa kwa kipimo cha 1 kwa 1,250, na kiwanja huzungushiwa mstari mwekundu. Mstari wenye unene wa milimita 1 kwenye karatasi hiyo unafunika mita moja na robo ya ardhi. Sheria yenyewe inasema mstari ule ni wa jumla tu. Hausemi uzio uko sentimita ngapi kutoka ukutani. Ndiyo maana majirani wa England hufikishana mahakamani kwa kipande cha ardhi kisichotosha kupanda mchicha, na gharama za kesi kupita thamani ya kipande chenyewe mara nyingi. Kipimo cha macho ni lazima: mnunuzi aende na ramani mkononi, aone kama uzio, bustani na njia ya gari vinalingana na mstari. Njia ya gari hasa. Kama inapita kwenye ardhi ya mwingine, haki ya kupita iwe imeandikwa.

Kisha kuna upekuzi wa halmashauri, wa maji na majitaka, wa mafuriko na ardhi yenye sumu, na katika maeneo ya migodi ya zamani, upekuzi wa mashimo yaliyo chini. Kesi inayowafundisha wanasheria wa England kutopuuza karatasi hizi ilitoka Aston Cantlow, kijiji cha Warwickshire. Wanandoa waliomiliki shamba la huko walidaiwa kulipia matengenezo ya kanisa la parokia, kwa sababu ya wajibu wa kale uliofungwa kwenye ardhi yao karne nyingi zilizopita. Walipinga kwa miaka, na mwaka 2003 mahakama ya juu kabisa ya wakati huo ikaamua dhidi yao. Bili ya matengenezo peke yake ilifika takriban pauni 187,000, mbali na gharama za kesi, na mwishowe shamba likauzwa. Tangu Oktoba 13, 2013 wajibu wa aina hiyo ambao haujaandikwa kwenye daftari haumfungi tena mtu anayeinunua kwa fedha ardhi iliyokwisha kusajiliwa, lakini wanasheria wengi bado hupekua, na wana haki.

Upanuzi wa nyumba huleta matatizo madogo lakini ya kila siku. Chumba cha darini kilichotengenezwa bila kibali, ukuta uliobomolewa ili jiko na sebule viungane, banda la kioo nyuma ya nyumba. Tangu Aprili 25, 2024 halmashauri ina miaka 10 ya kuchukua hatua juu ya ujenzi usio na kibali. Zamani, kwa mengi ya haya, ilikuwa miaka 4. Jengo lililoorodheshwa kama la kihistoria halina kikomo kabisa: kulibadili bila ruhusa ni kosa la jinai, na mmiliki mpya anaweza kuamriwa kurudisha kilichoondolewa na mwenzake miaka mingi nyuma. Suluhisho linalotolewa haraka ni bima ya kufidia hasara ikiwa halmashauri itakuja. Bei yake ni ndogo na mauzo yanaendelea. Mnunuzi ajue mambo mawili: bima hiyo kwa kawaida hufa mtu akishatangulia kuwasiliana na halmashauri kuhusu jambo hilo, na haisemi chochote kuhusu usalama wa boriti iliyo juu ya kitanda cha mtoto. Hilo ni swali la mkaguzi wa majengo. Tathmini ya benki haimtoshi mnunuzi. Ile ni ya kuilinda benki.

Sasa tuje kwenye fleti, ambako sheria ya England ni ngumu kuliko mahali pengine popote. Takriban nyumba milioni 5 za England humilikiwa kwa muda tu. Mnunuzi anapata haki ya kukaa kwa miaka 99, 125 au 999, huku jengo na ardhi vikiwa vya mtu mwingine au kampuni. Mtanzania mwenye hati ya miaka 99 au Mkenya mwenye ardhi ya kukodi ataona jambo analolijua, ila huko kwetu anayemiliki juu yako mara nyingi ni serikali. England anaweza kuwa mwekezaji aliyenunua haki ya kukutoza.

Anatoza nini? Kwanza pango la ardhi. Miaka ya 2000 na 2010 wajenzi kadhaa waliuza nyumba mpya zenye pango linaloongezeka maradufu kila miaka 10. Mnunuzi aliona pauni 295 kwa mwaka, akaona ni kidogo. Baada ya miaka 10 ni 590, kisha 1,180, kisha 2,360, kisha 4,720, na mwaka wa 50 ni pauni 9,440. Benki zilikataa kukopesha juu ya nyumba hizo na wenyewe wakashindwa kuuza. Baadhi yao walikuwa wametumia mwanasheria aliyependekezwa na mjenzi mwenyewe, jambo ambalo kila mnunuzi anapaswa kulikataa bila kuona haya. Sheria iliyoanza Juni 30, 2022 imefuta pango la ardhi kwa mikataba mipya ya muda mrefu. Mikataba ya zamani haikuguswa na sheria hiyo, na fleti nyingi zinazouzwa leo ziko chini ya mikataba ya zamani.

Pili ni miaka iliyobaki. Mkataba ukishuka chini ya miaka 80, gharama ya kuurefusha hupanda ghafla, kwa sababu mwenye ardhi anaruhusiwa kudai nusu ya thamani inayoongezeka kutokana na kurefusha huko. Sheria ya mwaka 2024 imeandikwa kuifuta hesabu hiyo na kuruhusu nyongeza ya miaka 990, lakini vifungu vyake vinaanza kutumika kwa awamu. Kilichokwishaanza, tangu Januari 31, 2025, ni kuondolewa kwa sharti la kumiliki miaka 2 kabla ya kuomba nyongeza. Fleti yenye miaka 78 inayotangazwa kwa bei ya chini ina sababu ya kuwa na bei hiyo.

Tatu ni ada ya huduma: lifti, paa, taa za ngazi, bima ya jengo zima, mshahara wa msimamizi. Haina kiwango cha juu, ingawa sheria inataka iwe ya haki na mahakama maalumu inaweza kuipunguza. Mnunuzi adai hesabu za miaka 3 iliyopita na aulize kwa maandishi kama kuna ukarabati mkubwa unaopangwa. Paa la jengo la ghorofa 8 likibadilishwa mwaka ujao, bili itamkuta aliyemo ndani. Na siku hizi hata nyumba za kawaida kwenye mitaa mipya hubeba ada ya barabara na bustani ambazo halmashauri haikuzipokea.

Halafu kuna Grenfell. Usiku wa Juni 14, 2017 moto uliteketeza mnara huo wa magharibi mwa London, watu 72 wakafariki, na uchunguzi ukaonyesha kwamba paneli zilizofunika kuta za nje ndizo zilizousambaza. Ikabainika majengo mengi yana kasoro za namna hiyo, na kwa miaka kadhaa maelfu ya familia walikuwa na fleti zisizouzika, huku wakidaiwa fedha za kurekebisha makosa ya wajenzi. Sheria ya Usalama wa Majengo ya mwaka 2022 iliwapa kinga wamiliki wengi wa fleti katika majengo ya mita 11 au ghorofa 5 na kuendelea. Kinga inategemea hali ya fleti ilivyokuwa Februari 14, 2022: je, ilikuwa makazi makuu ya mmiliki wa siku hiyo, au alikuwa na nyumba zisizozidi 3 Uingereza? Anayenunua leo hurithi jibu la siku ile. Kwa hiyo cheti kinachothibitisha hali hiyo, na kile cha mwenye jengo, vitafutwe kabla ya arubuni kulipwa. Hakuna faili la fleti linalopaswa kufungwa bila karatasi hizo, hata dalali akilalamika kwamba mnachelewesha.

Kwa wanaotoka Afrika Mashariki, mtego wenye gharama kubwa kuliko yote huenda uko nje ya mipaka ya Uingereza kabisa. England haimzuii mgeni kununua nyumba, lakini ushuru wa stempu unahesabu nyumba za dunia nzima. Kuanzia Aprili 2025 ushuru wa kawaida ni sifuri kwa pauni 125,000 za kwanza, asilimia 2 hadi 250,000, na asilimia 5 juu ya hapo hadi 925,000. Nyumba ya pauni 300,000 inatozwa pauni 5,000. Mnunuzi wa mara ya kwanza halipi kitu kwa bei hiyo. Ila "mara ya kwanza" maana yake ni kutowahi kumiliki nyumba popote, hata kwa kurithi, hata kwa fungu. Aliyeachiwa na marehemu baba yake sehemu ya nyumba ya Tanga ameshatoka kwenye kundi hilo.

Zaidi ya hapo, kuanzia Oktoba 31, 2024 mwenye nyumba nyingine popote duniani, yenye thamani ya pauni 40,000 au zaidi kwa upande wake, anaongezewa asilimia 5 ya bei yote, isipokuwa kama anabadilisha makazi yake makuu. Kwa mfano wetu, pauni 5,000 zinakuwa 20,000. Wanandoa wanaoishi pamoja huhesabiwa kama mtu mmoja, kwa hiyo mke akiwa na nyumba Nyali na mume ananunua Luton kwa jina lake peke yake, nyongeza iko palepale. Fungu la urithi lisilozidi nusu husamehewa kwa miaka 3 ya mwanzo. Kiwanja kitupu hakihesabiwi. Aliyekuwa nje ya Uingereza na hakufikisha siku 183 nchini katika mwaka uliotangulia anaongezewa asilimia 2 nyingine. Fomu inapelekwa ndani ya siku 14 baada ya kukabidhiwa nyumba, na mwanasheria huandika alichoambiwa na mteja. Asipouliza kuhusu nyumba ya nyumbani, mteja aiseme mwenyewe. Anayeficha ndiye anayetafutwa baadaye na mamlaka ya mapato, pamoja na riba na adhabu.

Jambo la pili ni fedha zenyewe. Kanuni za kuzuia utakatishaji fedha zinamlazimu mwanasheria kujua arubuni imetoka wapi. Kwa mtu aliyeweka mshahara benki kwa miaka 5, ni taarifa za benki tu. Kwa wengi wetu arubuni ni mchango: kaka wa Doha, shangazi wa Moshi, mgao wa chama, kiwanja kilichouzwa kwa fedha taslimu. Kila shilingi inahitaji karatasi, na karatasi hizo huchukua wiki kuzikusanya kutoka nchi tatu. Benki nayo humtaka kila aliyetoa fedha asaini barua kwamba ni zawadi na kwamba hana haki yoyote katika nyumba. Hapa ndipo undugu unapoumia. Kaka anasaini kwa kumsaidia mdogo wake, huku ndani ya familia wote wakijua kwamba zile pauni 25,000 ni sehemu yake. Miaka 10 baadaye, nyumba ikiuzwa au ndoa ikivunjika, barua ile inasomwa kama ilivyoandikwa. Kama fedha ni mkopo au ni hisa, isemwe wazi kwa benki na kwa mwanasheria tangu mwanzo. Wapo wakopeshaji wanaokubali. Mama mkwe au mtu mzima mwingine atakayeishi humo naye ataombwa kusaini kwamba madai ya benki yanatangulia haki zake, na aelezwe kwa Kiswahili anachosaini.

Wanunuzi wawili wana uamuzi mwingine, na umejificha kwenye kisanduku kimoja cha fomu ya uhamisho. Wanaweza kumiliki kwa pamoja, ambapo mmoja akifariki nyumba nzima inakwenda kwa mwenzake bila kujali wosia wala mirathi ya dini. Au kumiliki kwa mafungu, ambapo fungu la kila mmoja linakwenda kwa warithi wake. Kwa Mwislamu anayetaka mali yake igawiwe kwa hesabu ya faraidhi, kisanduku hicho ni suala la dini, na kuchagua mafungu peke yake hakutoshi: England lazima aandike wosia pia. Mahakama ya juu mwaka 2007 iligawa nyumba ya watu wawili wasiooana kwa asilimia 65 na 35 baada ya kesi ndefu, kwa kuwa hawakuwa wameandika mafungu yao. Tamko la kurasa mbili lingewaepusha.

Na ndoa ya nikaha iliyofungwa ndani ya England bila usajili wa kiserikali haitambuliwi na mahakama zake kama ndoa. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilithibitisha hilo kuhusu nikaha iliyofungwa mwaka 1998 katika mgahawa wa London. Mke wa namna hiyo, jina lake lisipokuwa kwenye hati, hana mlango wa sheria ya talaka. Itambidi athibitishe mchango wake kama mgeni yeyote. Ndoa iliyofungwa kihalali Zanzibar au Mombasa kwa kawaida hutambuliwa. Dada anayehamia kwenye nyumba ya mumewe anastahili kuambiwa tofauti hii mapema, na wazazi wake wanastahili kuiuliza.

Wanaokimbia riba wana njia. Benki hununua nyumba pamoja na mteja au kwa niaba yake, kisha mteja hulipa kodi huku akinunua fungu la benki kidogo kidogo. Zamani ununuzi wa hatua mbili ulitozwa ushuru wa stempu mara mbili. Kikwazo hicho kilianza kuondolewa mwaka 2003. Mteja aulize tu, kabla ya kusaini, jina la nani litakuwa kwenye daftari katika miaka hiyo na nani anabeba gharama ya paa likivuja.

Hatua ya mwisho ina wezi wake. Siku chache kabla ya malipo huja barua pepe, inayoonekana imetoka kwa mwanasheria, ikisema akaunti imebadilika. Mtu asitume senti kabla ya kupiga simu kwenye namba aliyoipata tangu mwanzo, ile ya kwenye barua ya kwanza. Wengine huuza nyumba isiyo yao: mwaka 2014 kampuni moja ililipa pauni milioni 1.1 kwa nyumba ya London kumbe muuzaji alikuwa laghai, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikawabebesha hasara wanasheria. Mwaka 2021 mchungaji mmoja aliyekuwa kazini Wales alipigiwa simu na majirani zake wa Luton. Alipofika alikuta fundi ndani, samani na mazulia vimeondolewa, na nyumba imeshauzwa kwa pauni 131,000 na mtu aliyetumia leseni ya udereva ya kughushi.

Nyumba inayokaa bila mtu, iliyopangishwa, au isiyo na mkopo ndiyo inayowindwa zaidi, na hizo ndizo nyumba za watu wanaorudi nyumbani kwa muda mrefu. Masjala ya Ardhi ina huduma ya kumtumia mtu barua pepe kila ombi au upekuzi rasmi unapofanywa juu ya nyumba anayoifuatilia. Inaruhusu hadi nyumba 10 kwa akaunti moja, haitozwi chochote, na anayejiandikisha anaweza kuwa Unguja, Nairobi au Maskati. Jiandikishe wiki ileile jina lako linapoingia kwenye daftari, na hakikisha anwani yako ya barua iliyoandikwa humo ni ile unayoisoma.